Pande Nne za Nyumba ya Kaswera

Mwaka wa elfu mbili ulipokuwa unaaga, mji wa Butembo ulikuwa umekwisha kukombolewa mara mbili, mara ya pili na waasi wa Mouvement, na mara zote mbili mbuzi hawakurudi. Chumvi ilikuwa shida. Dawa ilikuwa hadithi. Barabara ya Beni ilikuwa na mashimo ya kumzika ng'ombe na pembe zake. Basi wakubwa wa Mouvement wakakaa chini, wakafikiri sana, maana kufikiri ndiyo kazi yao, wakaona kinachokosekana hasa ni rangi.

Amri ililetwa na Phinées, chifu wa avenue. Alipanda juu ya kreti ya bia mbele ya nyumba ya Anne-Marie, akakohoa kama mtu anayehesabiwa kikohozi chake, akatangaza:

"Chef wa Mouvement atapita hapa ku Bonne Année. Mwaka mpya, mji mpya! Kila nyumba yenye kuangalia barabara ipakwe nyeupe. Mwenye hatapaka, ni adui wa amani."

Anne-Marie, ambaye mdomo wake haukuwahi kukombolewa na mtu, aliuliza:

"Papa chef, tupake upande gani?"

"Upande wa barabara."

"Na wa nyuma?"

"Chef hatapita nyuma, Mama."

"Sawa. Kumbe amani iko na upande moja."

Watu walicheka ndani ya mikono yao, kwa kuwa kulikuwa na askari wawili pale wakitafuna miwa ya mtu. Kisha wakatawanyika kutii. Watu wa Butembo ni mabingwa wa kazi. Hata ujinga ukiamriwa, wataufanya vizuri. Walishuka bondeni kuchimba udongo mweupe, wakauchanganya na maji ya muhogo ili ushike, na kabla wiki haijaisha avenue nzima ilikuwa inacheka meno meupe upande wa barabara. Nyuma, kuta zilibaki vile Mungu alivyoziumba na vita ilivyoziacha.

Wala haikuwa uvivu. Nyumba wakati wa vita ni kama mbuzi: aliyenona ndiye anayejulikana na askari. Kila mama wa avenue ile alilijua jambo hilo kama anavyojua njia ya kisima. Uso ulipakwa kwa sababu ya amri. Mgongo uliachwa mchafu kwa sababu ya akili.

Mtu mmoja tu hakulijua, na mtu huyo alikuwa mume wa Kaswera.

Nyumba ya Kaswera ilikuwa ya Kaswera. Katika hati za ukoo na katika midomo ya wanaume ilikuwa ya Syauswa, lakini matofali aliyachoma Kaswera mwenyewe, kando ya mto Kimemi, akiwa na Jemima mgongoni, na kila janja, yaani kila bati la paa, lilitoka katika maharagi aliyoyashusha kutoka Masereka na kuyauza sokoni. Manjanja mengine yalikuja mwaka huu, mengine mwaka ule. Paa lilikuwa na rangi tofauti za kutu, na Kaswera angeweza kukuonyesha ni mavuno gani yaliyozaa lipi. Jemima alikuwa amekwisha kuolewa. Nyumba ndiyo mtoto aliyebaki.

Syauswa alikuwa amerudi kutoka Manguredjipa. Huko alikuwa ameishi chini ya hema la plastiki, akichimba dhahabu ya watu wengine na kula ndizi za kuchoma, na kila jioni alikuwa anaota mambo matatu tu: kupaka nyumba, kusafiri kama mtu anayesafiri na si kama mtu anayekimbia, na kula kitu kinachohitaji kisu. Alirudi na kikohozi, redio isiyosema, na dhahabu kidogo ndani ya kipande cha tube ya baiskeli. Siku ya pili tu akapanda lori la Hassan kwenda Beni. Hassan na mke wake Hadjara walikuwa marafiki wa zamani. Mume alikuwa na lori, mke alikuwa na duka la bidhaa zinazoingia kutoka mpaka wa Kasindi. Syauswa aliporudi alikuwa ameketi juu ya makopo kama kuku juu ya mayai.

"Papa Jemima," Kaswera alisema, "ile iko nini?"

"Rangi ya mafuta. Kijani."

"Ya nini?"

"Ya nyumba."

"Papa Phinées alisema udongo mweupe, na upande wa mbele tu."

"Miye siko napaka juu ya chef. Niko napaka juu yangu. Pande zote ine."

"Ine?"

"Ine! Mutu hawezi kuwa na uso bila mugongo."

"Syauswa, sikia. Kwa wakati wa vita mutu mwenye akili anaficha mugongo. Mwenye akili mingi anaficha na uso."

"Niliishi chini ya plastiki, Mama Jemima. Miaka. Niache nione ukuta."

Kaswera akamwacha. Syauswa alipaka siku tatu, akipiga mluzi, na kila mpita njia alisimama. Kijani kile kilikuwa cha majani ya maharagi baada ya mvua. Mbele, ubavuni, nyuma hadi pale panapotupwa maji machafu. Jioni ya mwisho Kaswera alizunguka nyuma peke yake, akijifanya anatafuta kuku. Aliweka kiganja ukutani. Alikaa hivyo kidogo. Kisha akakumbuka kwamba amekasirika, akaenda kupika.

Juma lililofuata alikuja Commandant.

Jina lake la karatasi hakuna aliyelijua. Alikuja kukagua weupe wa avenue, miwani myeusi usoni siku ya mawingu, askari wake wakimfuata kama bata. Sasa ndipo ilipoonekana kasoro ya amri ile iliyofikiriwa sana. Amri ilisema Chef hatapita nyuma. Haikusema lolote juu ya Commandant. Yeye alipita nyuma ya kila nyumba, akaona tope, masizi na vibanda vya kuku, akakunja pua, akaendelea. Alipofika kwenye kijani alisimama. Alizunguka mara moja. Akazunguka tena, polepole, kama mtu anayemzunguka ng'ombe mnadani.

"Kitoko," alisema kwa Lingala ya kambi. "Ndaku oyo, kitoko!"

Nyumba hii, nzuri. Hilo lilikuwa ombi, mkataba na funguo, vyote kwa pamoja. Kabla jua halijashuka godoro lake lilikuwa ndani, na avenue ikampa jina la neno lake la kwanza: Commandant Kitoko. Kaswera na Syauswa walihamishiwa jikoni, kile kibanda cha uani cha miti na udongo, walale pamoja na simbiliki.

Simbiliki walikuwa mali ya vita. Askari wa kwanza walipomaliza ng'ombe na wa pili walipomaliza mbuzi, kina mama waligundua kwamba mnyama anayekaa chini ya kitanda cha jikoni, asiye na mkia, mwenye ukubwa wa kiatu, hakuna jeshi linalomtia maanani. Commandant Kitoko mwenyewe alichungulia jikoni, akawaona wanakimbia huku wakilia wii-wii, akatema mate.

"Panya! Mama, muko nalala na panya?"

"Ndiyo, Commandant," Kaswera alijibu. "Tunabazoea. Bale bajinga, habaombe kitu."

Phinées alikuja kupoza mambo. Alikuwa hodari wa kupoza. Vitu vingi vilikuwa vimepoa mikononi mwake, vingine havikuamka tena.

"Ni heshima, Mama Jemima," alisema, akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni ili moshi usimguse suti. "Kati ya nyumba zote, ni yako."

"Heshima hii itaisha lini?"

"Aa. Siku ya Bonne Année mutu wa rangi atakuja, ataandika pale ku ukuta wa mbele: Bureau."

"Bureau ya nini?"

"Mama. Bureau haiulizwe ya nini."

Kaswera alielewa. Kule juu karibu na soko kulikuwa na nyumba ya marehemu mwalimu mmoja. Wakombozi wa kwanza waliandika Bureau, yaani ofisi, ukutani. Wa pili walipowafukuza wa kwanza hawakufuta. Walishukuru kukuta kazi imefanywa. Mwalimu alikufa katika chumba cha kupanga, akiiona nyumba yake kutoka dirishani. Askari analala kwako na siku moja huondoka. Lakini nyumba ikishaandikwa neno lile haikuwa tena nyumba ya mtu. Ilirithiwa na kila mwenye bunduki aliyefuata. Ilibidi nyumba irudi kabla ya Bonne Année, au basi.

Syauswa alikuwa ameketi juu ya kuni tangu siku ile. Hatimaye akasema:

"Kuko mukubwa yake kule Beni. Tumuone mukubwa."

"Nani ataenda? Weye? Wanaume banashushwa ku barrière, banabebeshwa masanduku ya risasi mpaka porini."

"Ni weye, basi. Na chakula. Mukubwa hawezi kukataa chakula cha fête, cha sikukuu."

Kwa hiyo Kaswera alisafiri, siku ya pili baada ya Idi ya Waislamu, juu ya magunia katika lori la Hassan. Kikapu chake kilikuwa na simbiliki wa kukaanga waliofungwa katika majani ya ndizi, viazi vya Masereka, na jibini la duara la Lubero. Mwaka ulikuwa haujaisha, lakini barrière za askari kwenye barabara ya Beni zilikuwa zimetangulia kuusherehekea. Pale Maboya askari alimpungia mkono kwa furaha: "Bonne année, Mama!" na mkono ukabaki umenyooshwa mpaka ukapata viazi. Kabasha walimtakia afya njema na maisha marefu, wakachukua jibini. Kwenye mlango wa Beni walimwombea baraka kwa watoto na wajukuu, na simbiliki wakaliwa palepale, mifupa ikatupwa chini ya lori. Kaswera aliingia Beni ametakiwa heri zote zinazojulikana kwa Mungu, na kikapu kitupu.

Alikwenda hata hivyo. Mlinzi wa mkubwa alimtazama kikapu kabla ya kumtazama uso.

"Mukubwa amesafiri. Fête."

"Atarudi lini?"

"Fête ikiisha."

"Na fête itaisha lini?"

"Mukubwa akirudi."

Kupitia ubao uliopasuka wa geti Kaswera aliona uwanja mzuri, maua mekundu, na bibi mmoja mwenye kilemba safi akifagia. Alimwita kwa sauti ya chini, amsaidie walau kufikisha maneno.

"Mama, weye uko mutumishi wa hapa?"

Bibi aliacha kufagia. Alimtazama Kaswera bila hasira.

"Hapana," alisema. "Miye ndiyo mwenye nyumba."

Akaendelea kufagia. Kaswera alishukuru kwa Kinande, "Wasingya," akageuka. Hakuhitaji tena kumuona mkubwa. Alikuwa ameona jibu lake, na jibu lilikuwa limeshika ufagio.

Hadjara alikaa katika commune ya Ruwenzori, nyumba ambayo ukiipita ungetoa sadaka. Ukuta wa mbele ulikuwa mweusi kwa moshi, paa limewekewa mawe na mpira wa gari, mlango umeshonwa kwa kopo la mafuta. Ukishaingia, ulikuta zulia, kabati la vioo, na sinia la visheti vilivyobaki kwenye Idi. Kaswera alikula vitatu kabla hajalia, kisha akalia, kisha akala cha nne.

"Usilie na mudomo mujaa," Hadjara alimwambia. "Utakufa, na bataandika Bureau juu yako."

"Hadjara, nifanye nini? Nimuombe nani?"

"Usiombe. Hapa jirani yetu Mashaka alikaliwa mwaka muzima. Tulilia. Tulifunga. Imamu aliomba, padri aliomba, hata balokole ba chumba cha juu na ngoma zao. Hapana. Bale batu habafukuzwe, ndugu yangu. Banahama."

"Banahama vipi?"

"Mutu moja pale chini aliweka plafond mupya, dari ya mbao. Na rideau za kitambaa ku madirisha. Mwanaume wa watu, alikuwa na furaha! Kesho yake bwana commandant akatoka kwa Mashaka, godoro juu ya kichwa ya askari, akashuka kule."

"Kumbe nani alimufukuza?"

"Plafond!"

Kaswera alianza kucheka. Alicheka mpaka Hadjara akampokonya kikombe. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kijani kile kukauka.

"Hadjara. Muko na rangi ingine?"

"Iko ya pinki. Hassan alidanganywa kule Kasindi, hakuna mutu anaitaka hata kwa bure. Beba yote. Na rideau utabeba. Uko nafikiria nyumba ya nani?"

"Bado," alisema Kaswera, lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kufika Butembo.

Aliporudi aliwakusanya kina mama nyuma ya nyumba ya Anne-Marie, wakichambua maharagi ili waonekane wanachambua maharagi.

"Kwa avenue yetu," Kaswera aliuliza, "nani iko na nyumba nzuri kupita yangu?"

Wote, bila kuambiana, wakageuza shingo kuelekea ua mrefu wa mianzi pale mwisho. Nyumba ya Phinées. Ukuta wa mbele ulikuwa umepakwa tope na samadi kama wa maskini yeyote, na udongo mweupe wa amri ulikuwa umetandazwa pale mlangoni tu, upana wa mtu mmoja aliyekonda. Msomaji wa amri alikuwa ameisoma vizuri kuliko wote.

"Ndani iko na ciment," alisema Anne-Marie, ambaye alikuwa akimfulia Léa, mke wa Phinées. "Plafond iko. Choo iko mu nyumba, ya kukalia, kama ya padri. Na alituambia tupake sisi!"

Mama mmoja aliweka ungo chini. "Lakini Léa hana kosa."

"Hana," Kaswera alikubali. Alichagua maharagi mawili yaliyooza, akayatupa. "Hata miye sikukuwa nalo."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo. Tangu enzi za yule rais wa zamani aliyevaa kofia ya chui, watu waliamriwa kufagia barabara Jumamosi. Tawala zilibadilika, ufagio haukubadilika. Asubuhi hiyo kina mama hawakwenda barabarani. Walifika kwa Phinées wakiimba, na brashi, ngazi, makopo ya pinki, sufuria, na askari watatu wa zamu waliofuata harufu ya vitunguu.

Phinées alitoka na kandambili.

"Ni nini? Ni nini hii?"

"Bonne année, Papa chef!" Anne-Marie alipiga vigelegele. "Tumekuja kukupakia nyumba. Zawadi ya avenue!"

"Hapana. Hapana, bamama. Miye niko mutu munyenyekevu."

"Unyenyekevu wako unatuletea haya, Papa chef," alisema Kaswera kwa sauti ya kufika kwa askari. "Chef wa Mouvement atapita, aone chifu wetu anakaa mu tope? Atasema avenue hii haina amani. Ni weye ulisema: mwenye hatapaka ni adui."

Askari mmoja aliacha kutafuna, akamtazama Phinées.

"Basi... mbele tu," Phinées alisema haraka. "Mbele inatosha."

"Pande zote ine!" kina mama waliitikia, kama kanisani.

Phinées alikaa kwenye kiti chake akiwa na uso wa mtu anayeng'olewa jino. Ila binadamu ni binadamu. Pinki ilipofika dirishani, alihamisha kiti asogee. Ilipopanda hadi kwenye paa aliinuka. Saa nne alikuwa anazunguka nyumba mikono nyuma, na kina mama walimsikia, kwa masikio yao wenyewe, akisema:

"Bamama! Pale ku kona mumeacha!"

Wakarudi kwenye kona. Walifunga rideau za Hadjara kwenye madirisha, Syauswa akapanda miche ya maua mlangoni, kwa mkono wake, kimya, kama mtu anayezika kitu. Ua wa mianzi ulioficha kila kitu waliufungua "ili Chef aone". Na katikati ya uwanja waliinjika ugali, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese, viazi, na sufuria kubwa la nyama yenye mchuzi mwekundu, ambayo harufu yake ilikwenda moja kwa moja, bila kusimama kwenye barrière yoyote, hadi kwenye nyumba ya kijani.

Commandant Kitoko alifika kabla ugali haujageuzwa. Alipewa kiti cha Phinées. Alikula mara ya kwanza kwa cheo na mara ya pili kwa njaa.

"Mama, nyama hii ni ya nini?"

"Kasungura ka Masereka, Commandant," Kaswera alisema bila kupepesa.

"Ni tamu!"

"Wasingya, Commandant. Tulikalisha vizuri."

Alipojifuta mdomo, Commandant aliona ukuta. Aliinuka na mfupa mkononi. Alizunguka mara moja. Alizunguka tena, polepole. Aliingia ndani, na kutoka ndani maji ya choo yalisikika yakishuka, kisha yakashuka tena, maana jambo zuri hujaribiwa mara mbili. Alipotoka alikuwa amevua miwani.

"Oyo!" alisema. "Oyo, kitoko mpenza!" Hii ndiyo nzuri hasa.

Phinées alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu lilibaki usoni wakati macho yalikuwa yamekwisha kuelewa, likaning'inia pale kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Commandant... nyumba ya kijani ni... ni nzuri kupita. Iko na hewa."

"Choo yake iko inje."

"Ni heshima, Papa chef," Kaswera alimwambia kwa upole. "Kati ya nyumba zote, ni yako."

Kabla jua halijashuka godoro lilipita avenue nzima juu ya kichwa cha askari, likielekea kwenye pinki.

Kaswera aliingia kwake. Paa lilikuwepo. Matofali yalikuwepo. Milango miwili ya ndani haikuwepo. Ilikuwa imeivisha maharagi ya askari, maharagi yake mwenyewe, ili jambo likamilike. Ukutani walikuwa wamechora bunduki kwa mkaa na wanawake wa kufikirika. Alisimama katikati ya chumba, akavuta hewa iliyonuka viatu, akakaa chini sakafuni.

Mwaka mpya ulianza Jumatatu, na mvua. Chef wa Mouvement hakuja. Alituma salamu kwa redio, akiwapongeza wananchi kwa usafi. Mvua ilikuwa imeshusha udongo mweupe wote kutoka kwenye nyuso za nyumba, ukatiririka mitaroni kama maziwa ya ng'ombe wale wasiokuwepo. Mchora maandishi alikuja kama Phinées alivyoahidi, maana mambo ya aina hiyo hayachelewi, na juu ya ukuta wa pinki akaandika kwa herufi nyeusi zilizonyooka vizuri: BUREAU.

Asubuhi hiyohiyo Syauswa alikuwa uani akikanda samadi ya kuombwa pamoja na tope. Hakuamriwa. Aliichukua kwa viganja na kuibandika juu ya kijani chake, akianzia nyuma, ambako alikuwa amepaka kwa mapenzi zaidi. Kaswera alimtazama akifanya kwa muda.

"Iko chini yake," alimwambia. "Haitapotea. Rangi ya mafuta haiogope tope."

"Najua," alisema Syauswa. Akaendelea.

Ndipo Léa alipoonekana kwenye njia, na mkeka kichwani, watoto wakimfuata. Alisimama mbali kidogo, kama mtu asiyejua kama salamu yake bado inapokelewa. Jikoni kwake, alisema, kulikuwa na askari waliolala mpaka kwenye majivu.

"Ingia," Kaswera alisema. "Milango haiko, lakini ingia. Kuna viazi mu moto."

Léa aliingia na watoto. Nyuma yake, kando ya barabara, akiwa na suti iliyolowa na kandambili mkononi, alibaki Phinées. Alikuwa anatazama mbingu, redio ya jirani, kuku. Kila kitu isipokuwa mlango.

"Papa chef," Kaswera alimwita. "Bonne année."

"Bonne année, Mama Jemima."

"Uko na njaa?"

Phinées aliweka kandambili chini, akasogea hatua moja.

Kaswera alisukuma ndoo ya tope kwa mguu mpaka ikamfikia. Phinées aliitazama ile ndoo, akatazama barabara ambayo hakuna chef aliyepita. Akavua koti, akalitundika kwenye mti wa ua. Akakunja mikono ya shati, akatumbukiza viganja vyote viwili, akaanza kupaka ukuta wa mbele, vibaya mwanzoni, kisha vibaya kidogo.

Kaswera alileta kigoda, akakaa na sahani ya viazi mapajani. Akamega kimoja, akakipuliza. Akatafuna polepole.

"Papa chef," alisema, akinyoosha kidole chenye chumvi. "Pale ku kona umeacha."